Rejeta ya Land Rover ya Marehemu Baba na Maji ya Visima vya Malindi

Gari letu la nyumbani ni Land Rover ya mwaka 1979, ile ndefu ya inchi 109 ya toleo la Series III, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Marehemu baba aliitumia kubebea nazi na maembe kutoka shambani Magarini, na aliponiachia aliniachia pamoja na tabia zake zote, mojawapo ikiwa ni kudondosha maji. Kwa muda mrefu sikulijali jambo hilo. Kila asubuhi palikuwa na doa dogo kwenye mchanga chini ya boneti, nami nilijaza kikombe kimoja cha maji, nikafunga kifuniko na kuondoka. Kikombe kikawa viwili, viwili vikawa jagi, na hatimaye nikawa natembea na dumu la lita 20 nyuma ya kiti kama mchuuzi wa maji.

Siku ya hesabu ilifika mwezi wa mfunguo sita, nilipowapeleka shangazi zangu wawili Maulidi ya Lamu. Kutoka Malindi hadi Mokowe, mahali gari linapoachwa na watu wakapanda boti kwenda kisiwani, ni zaidi ya kilomita 200. Kwenda tulikwenda salama, kwa kusimama kila baada ya muda na kuongeza maji. Wakati wa kurudi, tulipoipita Marereni tu, mshale wa geji ya joto ulianza kupanda, na kabla ya kufika Gongoni mvuke ulikuwa ukitoka mbele ya gari hata sioni barabara. Nikazima injini kandokando ya mashamba ya chumvi. Shangazi mkubwa, ambaye tangu Garsen alikuwa akinitazama nikimimina maji, akasema, "Mwanangu, gari lako lina kiu kuliko sisi tuliofunga safari."

Aliyetuokoa ni taniboi wa lori la chumvi. Alitungojesha karibu saa nzima ili rejeta ipoe, na ninamshukuru kwa hilo kuliko kwa lolote jingine, kwa sababu mimi nilikuwa tayari nimelishika kifuniko. Maji yaliyo ndani ya rejeta yenye joto yamebanwa kwa shinikizo. Kwa kubanwa huko hayachemki yafikapo nyuzi 100 bali hustahimili hadi kupita 110, na kifuniko kikifunguliwa ghafla shinikizo huondoka, maji yote huchemka kwa mara moja na kumrukia aliyesimama mbele yake. Gari lilipopoa alifunika kifuniko kwa kikoi kilichokunjwa mara nne, akakizungusha hadi kwenye kituo cha kwanza, akaacha hewa ipumue, kisha akakimalizia. Baada ya hapo akauliza kama kuna mtu mwenye manjano. Shangazi mdogo alikuwa amenunua viungo Lamu, na huku akinung'unika akatoa pakiti. Kijana akaimimina yote, tukajaza maji, tukawasha. Unga wa manjano hufuata maji hadi kwenye tundu, hukwama hapo na kuvimba, na uvujaji hupungua. Tulifika nyumbani usiku, rejeta ikitoa harufu ya pilau.

Manjano yalitufikisha, lakini manjano hayajui kuchagua tundu la kuziba. Yale yaliyoziba ufa yaliziba pia nusu ya mirija iliyobaki, na kesho yake gari lilipata joto hata kwa kusimama tu. Ndipo nikaifungua rejeta na kuipeleka kwa mzee mmoja afanyaye kazi ya kulehemu rejeta tangu mimi niko shule ya msingi, ambaye sote twamwita Ami.

Ami hakuitazama nje. Aliiwekea moto sehemu ya juu, lehemu ikayeyuka, akalitoa tangi la juu la shaba kama anayefunua mkebe, akanionyesha ndani. Rejeta ya aina hii ni kitu rahisi: tangi juu, tangi chini, na katikati mirija bapa ya shaba iliyopangwa kwa safu, ikishikana na mapezi membamba ya kutawanya joto, na vyote vimeungwa kwa lehemu. Maji ya moto kutoka kwenye injini huingia juu, hushuka ndani ya mirija huku upepo ukipita kati ya mapezi, na hutoka chini yakiwa yamepoa. Katika rejeta yetu, midomo ya mirija mingi haikuonekana. Palikuwa na gamba jeupe lenye rangi ya kutu na madoa ya manjano, gumu kama jiwe, na alipolikwangua kwa bisibisi lilitoka kwa vipande.

"Haya umepata wapi kuyaona?" akaniuliza.

Nikamwambia ni kama yale ya ndani ya birika la chai.

"Basi umeipikia gari chai miaka yote hii."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu maji niliyokuwa nikijaza yalikuwa ya kisima chetu cha uani, na kabla yangu baba alijaza hayo hayo. Wenyeji wa pwani hii twayajua. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu, na kwa kuwa bahari iko karibu, maji yake yana chumvi pia. Ukiyaogea sabuni haitoi povu, na ukiyachemshia chai kila siku birika hupata ukoko mweupe. Chokaa iliyoyeyuka katika maji baridi hujitenga maji yanapopata joto na kuganda penye joto zaidi. Ndani ya injini mahali hapo ni ukutani mwa silinda na katika mirija ya rejeta, yaani mahali pale pale ambapo joto linatakiwa lipite. Gamba la chokaa halipitishi joto vizuri, kwa hiyo injini inavaa blanketi katika joto la Malindi. Tena kila unapoongeza maji kufidia yaliyovuja unaongeza chokaa mpya, kwa sababu maji hutoka au hugeuka mvuke na chokaa yake hubaki. Uvujaji wenyewe ndio uliokuwa ukiijaza rejeta gamba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiulisha kwa kikombe kila asubuhi nikidhani ninalitunza gari.

Chumvi nayo ina kazi yake. Tangi za rejeta za zamani ni za shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi yenye joto huila zinki na kuiacha shaba ikiwa na vinyweleo kama sponji. Ukiitazama waona chuma kizima, chenye wekundu kidogo tu, lakini ukikibonyeza kwa ncha ya msumari kinazama. Ami alifanya hivyo mbele yangu kwenye kona ya tangi la chini, na msumari ulitokea upande wa pili bila nyundo. Kona hiyo ilikuwa imelehemiwa mara tatu katika gereji moja mjini, kila mara lehemu ikiwekwa juu ya shaba iliyokwisha kufa, nami kila mara nililipa na kushukuru.

Tulikaa tukishauriana la kufanya. Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kupitisha vyuma vyembamba ndani ya kila mrija ili kusukuma uchafu, kazi ambayo Ami huifanya mara nyingi, lakini hakuitaka hapa kwa kuwa mirija yenyewe ilikuwa imekuwa myembamba na ingetoboka. Ya pili ni kuweka kiini kipya cha shaba, yaani ile mirija na mapezi yake, na kuziacha tangi za zamani, na hilo ndilo ningelichagua kama tangi zingekuwa nzima, kwa sababu rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa na kulehemiwa na fundi yeyote mwenye moto na mkono mtulivu, hata huko Witu au Kipini. Ya tatu ni kununua nzima. Siku hizi zinauzwa pia za aluminiamu, nyepesi na za bei nafuu, nyingine zikiwa na tangi za plastiki, na sina ugomvi nazo katika magari yaliyotengenezwa kuzitumia. Katika gari linalotikisika kama letu nimeona plastiki ikipasuka shingoni, na ikipasuka hakuna Ami wa kuiokoa. Tukaagiza Mombasa rejeta ya shaba, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa katika magunia, kwa bei ambayo nilipomtajia mke wangu aliitafsiri kuwa ni mbuzi watatu wakubwa na majani yao.

Wakati tukiingojea, mpwa wangu nami tulianza kubomoa vilivyobaki. Yeye anasomea ufundi wa magari, na alikuja na seti ya spana mpya za milimita. Nati nyingi za Land Rover ya miaka ile ni za inchi. Spana ya milimita 11 inaingia vizuri mahali pa saba ya kumi na sita ya inchi, kwa hiyo kijana alipata moyo. Lakini ile ya 13 katika nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, inacheza kidogo tu, na kucheza huko kunatosha kuila pembe ya nati iliyoshikwa na kutu. Nati ya kwanza ikawa mviringo. "Mjomba, hii imegoma," akaniambia, nami nikamletea kisanduku cha baba cha spana za inchi, ambacho alikuwa amekicheka asubuhi. Nati nyingine tulizinyeshea mafuta ya kulainisha kutu jioni na kuzilaza, na asubuhi zilifunguka, isipokuwa ile iliyoviringika, iliyotugharimu saa mbili, tupa na ngozi ya kidole changu cha shahada.

Boneti ya gari hili inatoka nzima watu wawili wakiiinua, jambo ambalo hurahisisha kazi yote, ila tairi la akiba likiwa limefungwa juu yake huwezi kulifurahia. Kabla ya kuifungua rejeta nilikuwa nimemwaga maji kwa bomba dogo la chini yake. Lakini kuna bomba jingine ambalo wengi hulisahau, lililo ubavuni mwa injini upande wa kushoto, na bila kulifungua maji ya ndani ya injini hubaki. Nililifungua, halikutoa tone. Nikaingiza waya, nikauchokoa, bado. Tulipolitoa bomba lote tukakuta nyuma yake tope zito jekundu kama udongo wa Marafa, na ilibidi mpwa wangu alichimbe kwa waya hadi maji yakaruka.

Tope hilo ndilo lililonifanya nisimamishe kila kitu. Nilikuwa na haraka ya kuifunga rejeta mpya, lakini ningeifunga siku ile, wiki ya kwanza ingepokea uchafu wote wa injini ya miaka zaidi ya 40 na mirija yake ingeanza kuziba kabla sijaimaliza kuilipia. Tukachukua mpira wa bustani, tukauingiza mahali maji yanapotokea juu ya injini, tukayasukuma kinyume na njia yake ya kawaida. Kwanza yalitoka mekundu kama damu, halafu ya kahawia, halafu vikaanza kutoka vipande vya gamba vyenye ukubwa wa kucha. Tuliendelea kutwa nzima, tukisimama ili kugonga ubavu wa injini kwa nyundo ya mpira na kuanza tena. Kwa kuwa injini hii, mwili wake na hedi yake (kichwa cha injini), vyote ni chuma cha kusubu, tuliweza kuigongagonga bila woga. Chuma hicho hicho ndicho kilichoifanya inusurike joto la Gongoni bila kupinda hedi, bahati ambayo injini yenye hedi ya aluminiamu pengine isingekuwa nayo.

Sasa vile vitu vidogo, ambavyo wengi wetu huvirudisha vilivyokuwa ili kubana matumizi.

Hozi za maji kwa nje zilionekana nzuri. Nilipoikata ile ya chini kwa kisu kwa urefu, ndani ilikuwa imechanika matabaka, na kipande cha mpira kilining'inia kama ulimi katikati ya njia. Hozi ya chini ndiyo inayovutwa na pampu, kwa hiyo ikilegea hujikunja na kujifunga yenyewe injini inapokwenda mbio, halafu ukisimama kuitazama inakuwa imerudi umbo lake na huoni kosa. Nilibadilisha ya juu, ya chini, na ile fupi ya kuunganisha pampu na nyumba ya themostati. Hiyo fupi ni adhabu. Haizidi urefu wa kidole gumba, imekaa mahali mkono hauenei, na ukiamua kuibadilisha siku nyingine utavifungua tena vyote ulivyokwisha kuvifunga. Klipu nazo nilinunua mpya, za kukaza kwa bisibisi, zikachukua nafasi ya waya ambazo baba alizisokota kwa koleo.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shingo yake. Watu hulidhania ni kasoro na wengine hulitia gundi. Limewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi, na hivyo unapata habari mapema. Chini ya tundu la pampu yetu palikuwa na mchirizi wa kutu uliokauka, na feni ilipotikiswa kwa mkono, mhimili ulicheza. Ikabadilishwa pamoja na gasketi yake na mkanda wa feni, ambao tuliukaza hadi ukibonyezwa kwa kidole gumba uzame kama sentimita moja. Mkanda uliolegea huteleza, na uliokazwa kupita kiasi huua beringi mpya ya pampu mpya.

Nililolipenda kuliko yote ni la kifuniko. Gari hili linataka kifuniko cha ratili 9, yaani kinachobana shinikizo la ratili 9 kwa kila inchi ya mraba. Kile nilichokuwa nacho kilinunuliwa katika gereji ile ile iliyolehemu mara tatu, na juu yake kimeandikwa 0.9. Aliyekiuza aliiona tisa, nami niliiona tisa. Lakini vifuniko vya magari ya Kijapani huandikwa kwa kipimo kingine, na 0.9 ya huko ni karibu ratili 13. Kwa hiyo miaka miwili nzima rejeta ya zamani, yenye kona iliyooza, ilikuwa ikibeba shinikizo zaidi ya lile iliyotengenezewa, na kila lehemu mpya ilikuwa ikipasuliwa na kifuniko. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu, nikakumbuka pesa zote nilizolipa. Si kwamba ningeiokoa rejeta kwa kifuniko sahihi, kwani shaba ilikwisha kufa, lakini huenda isingenipasukia barabarani na shangazi wawili ndani.

Themostati haikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa patupu, kama ilivyo katika magari mengi ya hapa, kwa imani kwamba nchi ya joto haihitaji mlango huo. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, na kisha kufunguka. Bila yake injini huchelewa kupata moto, petroli hulika zaidi, na mafuta ya injini huchafuka mapema. Niliinunua ya nyuzi 82, na kabla ya kuifunga niliitia katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikaitazama ikijifungua taratibu maji yalipokaribia kiwango hicho. Sufuria hiyo sasa ni yangu. Mke wangu alinikabidhi rasmi.

Pia tulilirudisha kava linalozunguka feni. Fundi fulani aliliondoa zamani kwa kuwa linasumbua wakati wa kubadilisha mkanda, na kwa miaka feni ilikuwa ikizungusha upepo ule ule wa moto ndani ya boneti badala ya kuuvuta kupitia rejeta. Gari likienda kasi barabarani hutaona tofauti. Utaiona ukinaswa kwenye msongamano wa tuktuk sokoni.

Kisha likaja suala la maji. Mfumo mzima unachukua karibu lita 10. Nilinunua kulanti halisi, yaani kimiminika cha kupoozea injini, ile ya kijani ya mtindo wa zamani inayokubaliana na shaba na lehemu, nikaichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri. Niseme mambo mawili hapa. Kwanza, anayekwenda dukani kuomba maji ya betri ahakikishe amepewa maji yaliyosafishwa na si asidi ya betri, maana hukaa rafu moja na chupa zinafanana. Pili, rangi si dalili ya kitu. Kuna makopo yanayouzwa ambayo ndani ni maji yenye rangi tu, na ukilikosa jina la dawa iliyomo kwenye karatasi yake, liache. Kulanti halisi humfaa mtu wa Malindi si kwa kuzuia barafu, ambayo hatutaiona, bali kwa sababu hupandisha kiwango cha kuchemka na ina dawa za kuzuia kutu. Dawa hizo huchoka, na kwa aina hii yafaa kumwaga na kubadilisha kila baada ya miaka miwili hivi.

Ina sumu pia, na ladha yake ni tamu. Paka huilamba na kufa kwa figo, na mtoto naye anaweza kuionja. Sisi tuliozoea paka kulala chini ya kila gari na kila kibaraza hatuna ruhusa ya kuimwaga kwenye mtaro. Iliyomwagika wakati wa kujaza niliifunika kwa mchanga, nikauzoa, na mahali pale nikapaosha kwa maji mengi.

Kujaza kwenyewe kulitusumbua. Hewa ikinaswa ndani ya injini maji hayazunguki, na dawa yake ni kuinua pua ya gari ili hewa ipande hadi kwenye mdomo wa rejeta. Lakini Malindi mtaani kwetu ni tambarare kama meza. Tukatengeneza mlima wetu kwa mawe ya matumbawe yaliyosalia tulipojenga ukuta, tukapandisha magurudumu ya mbele, mpwa wangu akawa anaibana na kuiachia hozi ya juu kama anayekama ng'ombe, na kila alipobana mapovu yalitoka. Saa nzima. Kiwango kilishuka mara nne, tukaongeza mara nne.

Tukawasha. Dakika kumi, hakuna tone. Dakika ishirini, hozi ya juu ikapata moto ghafla, ishara kwamba themostati imefunguka. Tulikuwa tunapeana mikono mshale wa geji ulipoendelea kupanda, ukaipita katikati, ukakaribia nyekundu.

Nilizima nikiwa nimekufa moyo. Kulikuwa na rejeta mpya, pampu mpya, hozi mpya na injini iliyooshwa kutwa nzima, na bado. Nikaanza kuwaza kuwa labda hedi gasketi, ile ya kati ya hedi na mwili wa injini, imeungua. Mpwa wangu, ambaye hakuwa na huzuni yangu kwa kuwa hakuwa na deni langu, aliweka kipimajoto cha jikoni kwenye mdomo wa rejeta injini ilipopoa kidogo, akakisoma, akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza, "Mjomba, petroli iko kiasi gani?" Nikamwambia nusu tangi, niliijaza mwenyewe. Akanionyesha dashibodi. Geji ya petroli ilisema tangi limejaa.

Geji hizo mbili hulishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, kinachopunguza umeme wa betri kutoka volti 12 hadi 10. Kidude hicho kinahitaji kugusana vyema na bodi ya gari ili kifanye kazi. Kikikosa mgusano huo huzipa geji umeme wote, nazo zote mbili husoma zaidi ya ukweli. Tulipoifungua dashibodi tuliikuta skrubu yake imeota unga wa kijani, ule ule unaoota kwenye kila shaba iliyoachwa wazi katika hewa ya mji huu. Dakika tano za msasa na tone la grisi, mshale wa petroli ukarudi nusu, na ule wa joto ukatulia chini kidogo ya katikati. Wakati wa safari ya Lamu ulikuwa ukisema kweli, au angalau joto lilikuwa la kweli. Ni tangu lini ulikuwa ukitia chumvi, hakuna wa kunijibu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Marafa kupitia Mambrui na Marikebuni, nikiwa nimebeba magunia ya saruji, saa saba mchana, kwa gia ya pili katika sehemu za mchanga. Mshale haukusogea. Dumu la lita 20 lipo bado nyuma ya kiti, ila sasa lina maji ya mvua niliyoyakinga kutoka bati la nyumba wakati wa masika, na limeandikwa kwa rangi nyeupe MAJI YA GARI, kwa sababu shangazi mkubwa ameshaniuliza mara mbili kama yanafaa kwa chai.